Abiria Waliokataa Kutenganishwa: Uchambuzi wa Kisa cha Basi la Mandera, Desemba 2015

Tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi la abiria lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab karibu na El Wak, kaskazini mashariki mwa Kenya. Ndani mlikuwa na abiria zaidi ya 60, wengi wao Waislamu wa jamii ya Wasomali, na wachache Wakristo kutoka sehemu nyingine za nchi. Wavamizi walilifyatulia basi risasi, likasimama, kisha wakawaamuru abiria wajigawe makundi mawili, Waislamu upande wao na wasio Waislamu upande wao. Waislamu waliahidiwa usalama wao papo hapo.

Abiria walikataa. Waliwaambia watu wale wenye bunduki kwamba ama wawaue wote, ama wawaache wote. Kwa mujibu wa maelezo yao wenyewe kwa vyombo vya habari, baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mavazi ya Kiislamu wakiwa bado ndani ya basi, wakasimama nao wakiwa wamebanana ili asijulikane nani ni nani. Wavamizi walitisha na kugombeza, wakafyatua risasi, lakini hatimaye waliondoka wakiapa kwamba watarudi. Watu wawili walipoteza maisha siku ile. Miongoni mwa majeruhi alikuwamo Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi huko Mandera, aliyepigwa risasi wakati wa mabishano hayo. Alifariki dunia tarehe 18 Januari 2016 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, alipokuwa akifanyiwa upasuaji.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kujitolea kwa ajili ya wengine huishia kwenye mifano isiyomgharimu mtu kitu kikubwa: kumpisha mzee kiti, kuchangia harusi, kumpa mwenye njaa chakula kilichobaki. Mambo hayo ni mema, lakini hayatuonyeshi kujitolea kunafanya kazi gani hasa pale bei yake inapopanda. Katika basi la Mandera bei ilikuwa roho ya mtu, na njia ya kuikwepa bei hiyo ilikuwa wazi kabisa, tena imetangazwa kwa sauti na wavamizi wenyewe. Mwislamu yeyote aliyekuwamo alihitaji kupiga hatua chache tu kuelekea upande alioelekezwa. Swali la uchambuzi huu ni nini kilipatikana, na kilipatikana na nani, kwa sababu hakuna aliyezipiga hatua hizo.

Kilichotangulia

Amri ile haikuwa ngeni kwa mtu yeyote aliyesafiri njia hiyo. Mnamo tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatenganishwa, wengine wakitakiwa kusoma shahada au maneno ya Qurani ili kuthibitisha dini yao, na watu 28 wasio Waislamu wakauawa. Walimu walikuwa wengi miongoni mwao, kwa kuwa muhula ulikuwa umekwisha na walikuwa wakirudi makwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa karibu na mji huohuo wa Mandera baada ya kutengwa kwa namna hiyohiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 ikaja zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148, takriban wote wanafunzi, waliuawa, na huko pia wauaji waliuliza dini.

Kwa hiyo abiria waliokata tiketi ya Mandera mwezi Desemba 2015 walijua vizuri maana ya kuambiwa wajitenge. Jambo hili lina uzito katika kuuelewa uamuzi wao. Hawakukataa kwa kutojua hatari, wala kwa kudhani kwamba wavamizi wanafanya mzaha. Walikuwa na mwaka mzima wa mifano ya kile kilichowapata waliosimama upande usiotakiwa.

Kwa nini kukataa kulifanya kazi

Mtu mwenye bunduki akisimama mbele ya abiria 60 asiowajua, hana njia ya kuona imani iliyomo moyoni mwa mtu. Anaweza kukisia kwa sura, kwa mavazi, kwa lafudhi au kwa jina lililo kwenye kitambulisho, lakini kila moja ya alama hizo huhitaji muda kuikagua, na barabarani muda ni mchache kwa sababu gari jingine laweza kutokea, raia wa kijiji cha jirani waweza kusikia milio, na askari waweza kufika. Ndiyo sababu wauaji wa aina hii huwategemea wahanga wao wenyewe kuifanya kazi ya kuchambua. Huwaahidi wengi usalama, na wengi hao wakiipokea ahadi, wachache hubaki peke yao mahali peupe bila mtu yeyote kuwaonyesha kidole. Kuhama kwa wengi kunatosha kuwafichua.

Abiria wa Mandera waliunyima uvamizi huo msaada ulioutegemea. Kila mtandio uliotoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine uliondoa alama moja ya kutenganishia watu, na kila aliyebaki amesimama mahali pake aliifanya alama iliyobaki isitoshe. Hapo nadhani inafaa kutulia kidogo na kuutazama mtandio wenyewe. Mwanamke anayemvika mgeni shungi mbele ya watu wanaoua kwa misingi ya dini hatoi kitambaa tu. Anajitia katika kosa lilelile analoshtakiwa yule anayefichwa, kwa sababu mgeni huyo akigunduliwa, aliyemficha atahesabiwa kuwa msaliti, na kwa watu wale msaliti huenda akachukiwa kuliko asiyeamini. Baada ya kitendo hicho hakuna tena ahadi ya usalama kwa Mwislamu yule.

Upande wa wavamizi nao ulikuwa na hesabu yake. Al-Shabaab hujitambulisha kuwa wapiganaji wanaowatetea Waislamu, na katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa hutegemea kwa kiasi kikubwa ukimya, hofu na wakati mwingine huruma ya wenyeji. Kuwaua Waislamu wengi kwa mpigo, karibu na vijiji vya ndugu zao, kungewagharimu kile wasichoweza kukinunua kwa bunduki. Abiria walipowapa wavamizi chaguo la kuua wote au kuacha wote, waliwawekea mbele chaguo ambalo pande zake zote mbili zilikuwa hasara. Sisemi kwamba waliketi wakalipanga jambo hili kama wakuu wa majeshi. Nasema tu kwamba kujitolea kwao kulikuwa na nguvu ya kweli katika mazingira yale, na kwamba anayekuona kuwa uzuri wa moyo usio na akili anakidharau kilichotokea.

Nguvu hiyo, hata hivyo, ilihitaji karibu kila mtu. Angetokea abiria mmoja tu, kwa woga unaoeleweka kabisa, akamwonyesha Mkristo aliyekuwa pembeni yake, ukuta wote ungeanguka. Hakutokea. Makumi ya watu ambao wengi wao hawakuwa wakijuana walinyamaza pamoja, na ukimya huo ulikuwa tendo sawa na lile la mwalimu Salah Farah aliyebishana na wavamizi.

Nadharia na maneno ya mwalimu

Watafiti wa tabia wamejitahidi kwa miaka mingi kueleza kwa nini kiumbe hujitia hasarani kwa faida ya kiumbe mwingine. Mwaka 1964 William Hamilton alionyesha kwamba tabia hiyo yaweza kustawi iwapo anayesaidiwa ni wa damu moja na anayesaidia. Mwaka 1971 Robert Trivers akaongeza kwamba yaweza kustawi hata kati ya wasio ndugu, mradi kuna uwezekano wa fadhila kurudishwa siku nyingine. Maelezo yote mawili ni ya thamani, lakini yakisomwa kwa pupa hayalifikii basi letu. Abiria wale hawakuwa wa ukoo mmoja, na ni wachache kati yao waliotarajia kukutana tena.

Hata hivyo, Salah Farah mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini, aliwaeleza waandishi wa habari jambo linaloisogeza nadharia ya Trivers karibu na ukweli wa Kenya. Alisema kwamba watu wanapaswa kuishi kwa amani, kwamba wao ni ndugu na tofauti yao ni dini tu, na akawaomba Waislamu wenzake wawalinde Wakristo ili Wakristo nao wawalinde wao. Katika maneno hayo, anayerudisha fadhila si lazima awe mtu yuleyule aliyesaidiwa. Deni linakuwa la jamii kwa jamii.

Ili kuona uzito wa ombi hilo, ni lazima kukumbuka hali ya Wasomali wa Kenya wakati huo. Mwezi Aprili 2014 serikali iliendesha msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch, ambamo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kila shambulio jipya liliongeza mashaka juu yao: katika matatu, sokoni, kwa mwenye nyumba anayepangisha. Kwa hiyo aliyemficha Mkristo njiani El Wak alikuwa, bila kuhitaji kulipiga hesabu, akimlinda pia mpwa wake anayeuza nguo Eastleigh. Wahenga waliliweka sawa waliposema kwamba undugu ni kufaana, si kufanana, na sijui mahali ambapo msemo huo umepata ushahidi mkali kuliko pale.

Ni lazima pia kutaja dini, kwa kuwa wavamizi walidai kuisemea. Aya ya 32 ya Sura al-Maida inaeleza kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameiokoa nafsi ya watu wote, na hakuna madrasa isiyoijua aya hiyo. Abiria waliokataa hawakuiweka dini yao kando ili wawe Wakenya wema. Waliitekeleza.

Alichopata mtu mmoja mmoja

Faida kwa mtu binafsi huzungumzwa sana siku hizi kwa lugha ya furaha na afya, na msingi wake upo. Utafiti ulioongozwa na Lara Aknin na kuchapishwa mwaka 2013, ukitumia takwimu za nchi 136 pamoja na majaribio yaliyofanywa Kanada na Uganda, ulionyesha kwamba kutumia fedha kwa ajili ya wengine huendana na kuridhika zaidi na maisha, katika nchi tajiri na katika nchi maskini pia. Mfano wa Uganda ni muhimu kwetu, kwa sababu unaondoa hoja ya kwamba raha ya kutoa ni anasa ya walioshiba. Ila kipimo hicho ni kidogo kwa kisa hiki. Hakuna aliyeificha hofu yake mbele ya bunduki ili baadaye ajisikie vizuri.

Kinachosaidia zaidi ni kazi ya Samuel Oliner na mkewe Pearl, waliochapisha mwaka 1988 matokeo ya mahojiano na mamia ya watu waliowaficha Wayahudi Ulaya wakati wa utawala wa Wanazi. Oliner mwenyewe aliokolewa akiwa mtoto na mwanamke Mkristo wa Poland. Waligundua kwamba waokoaji hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa watu wa kawaida ambao, aghalabu tangu nyumbani kwao, walizoea kuwahesabu watu wa nje ya kundi lao kuwa watu wanaowahusu. Wengi wao hawakuona kwamba walifanya uamuzi mkubwa. Walisema kwamba hawakuona namna nyingine ya kutenda.

Naona hapo ndipo ilipo faida ya mtu binafsi. Aliyeshuka kwenye basi lile akiwa hai, na jirani yake wa kiti akiwa hai, alibaki mtu mzima, asiye na siri ya kuwaficha watoto wake. Aliyesalimika kwa kusogea upande wa pili na kusikia milio nyuma yake angeendelea kula, kulala na kufanya kazi, na hakuna mwenye haki ya kumhukumu, lakini angeishi na sauti hiyo. Faida ya kutokuwa na sauti hiyo haipimiki kwa dodoso, nami naamini ni kubwa kuliko zile zinazopimika.

Ilichopata jamii

Mauaji ya Novemba 2014 yalikuwa na matokeo yaliyoenea mbali kuliko makaburi 28. Mamia ya walimu wasio wenyeji waliokuwa wakifundisha kaskazini mashariki walikataa kurudi huko Januari 2015, wakapiga kambi Nairobi wakidai kuhamishwa, na chama chao kikawaunga mkono. Wahudumu wa afya nao waliondoka. Katika eneo ambalo tangu zamani limekuwa na uhaba wa walimu wenyeji waliohitimu, kuondoka huko kulimaanisha madarasa yasiyo na mwalimu wa hisabati wala wa Kiingereza, watahiniwa waliojisomea wenyewe, na walimu wachache waliobaki wakibebeshwa madarasa mawili au matatu kwa wakati mmoja. Salah Farah alikuwa mmoja wa waliobaki. Alipowalinda abiria wasio Waislamu, hakuwa akiwalinda wageni tu. Alikuwa akiilinda njia ambayo mwalimu na muuguzi wa kutoka Kisii, Machakos au Kakamega huifuata ili kufika Mandera.

Hapa ndipo kujitolea kunapoonyesha faida yake ya kijamii kwa namna isiyo na ushairi. Mtu anayepokea barua ya kupangiwa kazi mahali pa hatari hujiuliza maswali mawili: je, serikali itanilinda, na je, watu wa huko watanilinda? Serikali yaweza kuongeza askari na magari ya kusindikiza mabasi, lakini jibu la swali la pili haliwezi kutolewa na serikali. Linatolewa na wenyeji pekee, tena kwa vitendo. Siku ile ya Desemba jibu lilitolewa, na nchi nzima ikalisikia. Gavana wa Mandera wakati huo, Ali Roba, aliwasifu abiria kwa uzalendo wao, na Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, akasema kwamba ujumbe wao ni kuwa Wakenya hawatenganishwi na dini.

Mipaka ya faida hiyo

Ingekuwa si haki kwa wasomaji kuishia hapo, kwa sababu kisa cha Mandera si cha kwanza wala cha mwisho cha aina yake katika ukanda wetu, na visa vingine havikuisha vivyo hivyo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wavamizi waliwaamuru wanafunzi wajigawe, Wahutu na Watutsi. Wanafunzi walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walishambuliwa kwa risasi na mabomu, na baadhi yao wakafa. Wiki chache baadaye, tarehe 30 Aprili, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakatoa amri hiyohiyo, wakapata jibu hilohilo. Waseminari 40 waliuawa.

Kwa hiyo kukataa kutenganishwa hakuhakikishi uhai. Wavamizi wa Buta hawakuwa na sababu ya kuogopa kuua wote, na bila sababu hiyo ukuta wa miili haukuwazuia. Hata Kenya yenyewe haikuwa imemaliza tatizo. Mwezi Desemba 2019 basi jingine lilisimamishwa kati ya Wajir na Mandera, abiria wakatengwa na wengine kuuawa, wengi wao wakiwa polisi. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na walimu wasio wenyeji wakaondolewa tena kwa wingi katika kaunti hizo.

Mtu anaweza kuyatumia mambo haya kudai kwamba abiria wa 2015 hawakubadilisha kitu. Sikubaliani naye. Walibadilisha hatima ya watu waliokuwa pamoja nao, na hilo peke yake lilitosha kuwa sababu. Ila nakubali kwamba tendo moja la kujitolea, hata likiwa kubwa kiasi gani, haliwezi kufanya kazi ya mfumo mzima wa usalama, na kwamba viongozi wanaolisifu tendo hilo jukwaani huku barabara ikibaki bila ulinzi wanawaachia raia mzigo usio wao.

Mzigo huo ulikuwa na anwani. Salah Farah aliacha mke na watoto. Wakenya walichangishana mtandaoni kwa ajili ya familia yake, na mwezi Machi 2016, katika hotuba ya hali ya taifa, Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku marehemu nishani ya taifa ya OGW (Order of the Grand Warrior). Yote mawili yalistahili. Lakini mchango wa wiki chache hauvuki miaka ya shule ya mtoto, na nishani hutambua jina moja tu, ilhali kilichowaokoa watu El Wak kilikuwa kazi ya makumi ya watu: aliyetoa mtandio, aliyembana mgeni katikati yao, aliyeulizwa akanyamaza. Rwanda iliwaweka wanafunzi wa Nyange katika daraja la mashujaa la Imena, waliokufa pamoja na walionusurika, na huwakumbuka kila tarehe 1 Februari. Kwa maoni yangu Kenya ingefanya vyema kufuata njia hiyo: kuwatafuta abiria wa basi lile wangali hai, kuwaorodhesha wote kwa ridhaa yao, kuyaandika maelezo yao kabla hayajapotea, na kuiwekea familia ya yeyote anayekufa au kulemaa kwa kumkinga mwenzake fungu la kudumu linalolipa matibabu na karo bila kusubiri harambee.